Barua ya Babu Niliyomsomea Mkwe

Jamani, miwani niliisahau nyumbani Kihesa, na kurudi kuichukua niliona aibu kwa sababu nilikuwa na mkwe. Huyu ni baba wa binti anayeposwa na mwanangu. Katoka Mbalizi, na tangu afike alikuwa ananitazama kama mtu anayepima ng'ombe mnadani. Nilimwambia babu yangu alijua kuandika, na barua yake imetunzwa maktaba ya chuo hapa Iringa.

"Basi twende ukanisomee," akasema. Nikajua nikionekana mwongo, posa imekufa.

Binti wa maktaba akatukalisha, akaweka karatasi mezani, akaingia ndani. Mimi shule niliacha darasa la pili, nikaenda kuchunga ng'ombe, na macho nayo yameshachoka. Niliona ukungu mtupu. Jasho likanitoka na baridi yote ile. Lakini barua hiyo marehemu baba alitusimulia tangu tukiwa wadogo, naijua yote kichwani. Nikaishika karatasi, nikasoma mvua ilivyogoma, nikasoma salamu za shangazi, nikalia kidogo panapostahili. Mkwe akavua kofia.

Binti akarudi na boksi. "Mnisamehe wazee wangu, nimechelewa. Barua yenyewe ndiyo hii."

Mkwe akaivuta ile karatasi yangu, akaigeuza, maana niliishika juu chini, akasoma polepole: "Ni marufuku kula au kunywa ndani ya chumba hiki."

Akanitazama. "Sasa hapa, mkwe, shangazi anasalimiwa wapi?"