Udongo Mwekundu Chini ya Jiwe

Kutulia sikukujua. Hata nikikaa kitako, miguu ilikuwa ikitikisika.

Baada ya Mapinduzi baba yangu, aliyekuwa mwashi mjini, alipewa eka tatu njia ya Chwaka, karibu zote jiwe. Mama alisema wazi kwamba haondoki kwenye chumba chetu cha Ng'ambo mpaka apate maji matamu mlangoni. Baba akamleta mzee mchimbaji visima. Nami nilikuwa likizo ya chuo cha ualimu, kila dakika nachungulia shimo.

Mtaimbo ulitoboa jiwe la matumbawe, mara ukazama kwenye udongo mwekundu wenye magamba ya konokono wa nchi kavu. Chini yake, matumbawe tena. Nikaruka kwa furaha, maana nilikuwa nimeyasoma. Nikamweleza baba kuwa zamani mno maji mengi yaliganda barafu huko nchi za baridi, bahari ikashuka, hapa pakaota msitu. Barafu ikayeyuka, bahari ikarudi, matumbawe yakajijenga juu ya udongo ule. Kisha ikashuka tena, ndiyo tukapata pa kukanyaga.

"Wamsikia msomi wangu?" baba akamwambia mchimbaji.

Siku ya pili maji yakatoka. Yalipofika kifundo cha mguu, mzee akayaonja, akautupa mtaimbo nje ya shimo.

"Patosha. Matamu haya yamekaa juu ya ya chumvi. Tukizidi tutayachokoza."

Maji ya kifundoni! Nilikasirika. Nikasema joto la kaskazi likikaza yatakauka, na kwamba huo ni woga wa wazee tu. Mchimbaji alimtazama baba, na baba akanitazama mimi.

"Msomi kasema. Chimba."

Walichimba hadi maji yakafika kiunoni. Baba akaenda mjini kumwambia mama afunge vyombo.

Aliporudi, alasiri ya siku ya tatu, alivuta ndoo, akanywa mbele yangu. Hakutema. Alimeza, akafuta ndevu.

"Bahari yako imerudi, mwanangu," alisema polepole.

Nilitamani anipige. Mimi niliyejua safari zote za bahari sikuuliza sasa iko wapi, na ilikuwa chini ya nyayo zetu.

Tulipofika Ng'ambo, mama alikuwa amekwisha kuzifunga sufuria ndani ya mkeka. Alitutazama nyuso. Akapiga magoti, akaanza kufungua kamba.