Hukumu ya Aliyemgonga Mama

Mama yangu aligongwa na gari asubuhi, akivuka barabara pale Ipagala, kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Alikuwa anaelekea sokoni Majengo, alikokuwa na meza yake ya uwele, mtama na karanga. Bajaji ilikuwa imesimama kumpisha, na dereva wake ndiye aliyenisimulia yaliyotokea. Mama alimpungia mkono kumshukuru. Kabla hajaushusha, gari dogo jeupe likatokea nyuma kwa kasi, likaipita bajaji upande wa kulia, likamrusha.

"Breki sikuisikia kabisa, dada," aliniambia. "Ingekuwa amefunga breki ningesikia."

Mfupa wa paja ulivunjika, na kichwa kikapiga lami. Alilala hospitali bila fahamu siku nyingi. Nilikaa pembeni ya kitanda nikimsemesha mambo ya kawaida tu: mvua imegoma, jirani kajifungua, wateja wako wanakuulizia. Daktari alikuwa ameniambia nizungumze naye, huenda anasikia.

Alipozinduka, alizungumza Kigogo.

Hapo lazima nieleze kitu. Mama alizaliwa Gulwe, kijiji cha Mpwapwa ambako reli inapita, na Kiswahili alijifunzia ukubwani alipokuja mjini. Watu walimcheka. Walimcheka sokoni, walimcheka kanisani, na aibu hiyo haikumtoka. Alipoolewa na marehemu baba yangu, mtu wa Tanga, akaapa kwamba mwanawe hatachekwa. Mimi ni mtoto wake wa pekee. Akanilea kwa Kiswahili kitupu, kilichonyooka, na nikikosea alinirudisha nyuma mpaka niseme sawasawa. Leo nafundisha Kiswahili sekondari. Kigogo nilikuwa najua salamu, majina ya mboga, na maneno mawili matatu ya kufukuzia mbuzi. Nikishasema mbukwa, ile salamu yao, basi, nimeishia hapo.

Alipofumbua macho na kuanza kusema, nilifurahi mpaka nikapiga magoti. Kisha nikaona sielewi. Muuguzi mmoja Mgogo akainama kumsikiliza.

"Anasemaje?" nikauliza.

Muuguzi akanigeukia. "Anauliza wewe ni mtoto wa nani."

"Mwambie ni wake."

Akamwambia. Mama alinitazama, akacheka kidogo, kicheko kile cha adabu ambacho mtu humchekea mgeni aliyefanya mzaha.

Daktari alisema jeraha limegusa sehemu ya ubongo inayoshika usemi na kumbukumbu. Lugha ya utotoni inaweza kubaki na ile ya baadaye ikapotea. Inaweza kurudi, alisema, na inaweza isirudi. Haikurudi. Nilimleta mama mkubwa, dada yake, kutoka Gulwe, akawa anaishi nasi Ipagala na kututafsiria. Mama alikuwa akimnong'oneza, na mama mkubwa ananiambia bila kuniangalia usoni: anauliza huyu dada mpole anayempikia analipwa na nani.

Kesi ilipokaribia, mama wa yule dereva alikuja nyumbani. Dereva alikuwa msichana wa rika langu, mfanyakazi wa ofisi moja mjini. Mama yake alisimama mlangoni na khanga begani, mtu mzima. Nilimwamkia shikamoo. Sikutaka, lakini mdomo ulitangulia. Mama ndiye aliyeufundisha.

"Marahaba, mwanangu," alisema, na machozi yakaanza kumtoka hapo hapo. "Sikuja kujitetea. Nimekuja kumwona mgonjwa. Mwanangu ana mtoto mchanga, ananyonya bado. Nakuomba, ukiulizwa mahakamani, uwahurumie."

"Mama yangu hanijui," nilimwambia. "Ingia umwone."

Akaingia. Mama alimpokea vizuri, akamwonyesha pa kukaa, akamsemesha Kigogo kirefu. Yule mama alijibu "ndiyo, mama, ndiyo, mama" bila kuelewa hata neno, akilia. Alipoondoka hakurudia ombi lake. Wala mimi sikumwahidi chochote. Moyoni nilitaka binti yake afungwe. Nilitaka alale chini, atengwe na mtoto wake, ajue kuitwa mgeni na mtu wako mwenyewe kunavyouma.

Siku ya mahakama nilivaa gauni la kitenge ambalo mama alilipenda, nikaenda nimejiandaa kusema. Nilikuwa nimeyapanga maneno kichwani tangu wiki iliyotangulia. Mimi ni mwalimu wa lugha, nilijua namna ya kuyapanga. Msichana alisimama kizimbani, amekonda, blauzi yake ina doa la maziwa kifuani. Aliposomewa shtaka la kuendesha kwa hatari na kusababisha majeraha makubwa, alijibu kwa sauti ndogo, "Ni kweli, mheshimiwa."

Kwa hiyo mashahidi hawakuitwa. Mwendesha mashtaka alisoma maelezo: kivuko, bajaji iliyosimama, mwendo. Kisha akasoma taarifa ya daktari. Mfupa wa paja umevunjika, jeraha la kichwa, usemi umeathirika.

Usemi umeathirika. Nilisubiri aendelee, akafunga jalada.

Alisema mshtakiwa hana rekodi ya makosa ya nyuma, ila aliomba adhabu kali iwe fundisho kwa madereva wengine. Hakimu akamuuliza msichana ana nini cha kusema kabla ya adhabu. Akasema anaomba msamaha, ana mtoto mchanga, hatarudia. Hakimu aliandika muda mrefu. Nilikuwa nimeketi ukingoni mwa benchi, tayari kusimama nitakapoitwa. Sikuitwa. Akaanza kusoma: amekiri mapema na kuokoa muda wa mahakama, ni mkosaji wa mara ya kwanza, majeruhi ametoka hospitali, anatembea kwa gongo na anakula mwenyewe. Atalipa faini, akishindwa aende jela. Leseni imefungiwa.

Faini ililipwa kabla sijatoka nje ya jengo.

Nilimkuta msichana kwenye ngazi, mama yake amemkabidhi mtoto, ananyonyesha akiwa amesimama. Aliponiona alijaribu kujifunika, akashindwa, akaacha.

"Dada," alisema, "sijui niseme nini."

Maneno yangu yote yalikuwepo bado. Nikajikuta nauliza jambo jingine. "Ulikuwa unawahi wapi?"

Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali.

"Kazini," alisema. "Nilikuwa nawahi kazini tu, dada. Kazini tu."

Nilitaka kumpiga kofi. Nilitaka pia kukaa chini pale kwenye ngazi na kulia naye. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilitembea mpaka nyumbani, jua la saa saba kichwani, na njia nzima nilijiuliza: kama angefungwa, leo jioni mama angeniita jina langu? Niliona jibu, na sikulipenda, maana lilininyang'anya hata hasira niliyokuwa nikiishi nayo. Lakini ile faini nayo sikuikubali. Mpaka sasa sijaikubali.

Mama mkubwa alianza kuchoka na mji. Mama pia alikuwa anadhoofika, anakaa dirishani, haongei na mtu siku nzima mpaka dada yake arudi kutoka gengeni. Mwishowe mama mkubwa aliniambia, "Mwanangu, kule kwetu kila mtu anamwelewa. Hapa amekuwa bubu."

Nilimpeleka mama Gulwe mimi mwenyewe.

Huwa naenda kila shule zikifungwa, na katikati nikipata nafasi. Amenenepa. Anaanika mlenda uani, anabishana na majirani, anacheka mpaka anashika mbavu. Mama mkubwa ananifundisha Kigogo, nami naandika maneno na kuyarudia usiku kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Nimeanza kushika kidogo. Mara nyingine nasema sentensi nzima mbele ya mama, naye ananirekebisha kwa upole, akitabasamu, kama unavyomvumilia mtu wa kuja.

Safari iliyopita alinisindikiza mpaka njia panda na gongo lake, ingawa nilimkataza. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema jambo refu. Nilielewa nusu. Nilimgeukia mama mkubwa.

"Anasema wewe ni binti mwenye adabu sana," mama mkubwa alisema. Akatazama pembeni. "Anasema ukifika kwenu, umsalimie mama yako."

Nikamjibu kwa Kigogo changu kibovu kwamba nitamsalimia.