Mtambo Mpya wa Babu

Mwezi uliopita nilikuwa Nyanga kwa mdogo wangu, umeme ukakatika tukiwa mezani. Jirani yake akatoka kuwasha jenereta. Akavuta kamba, likakohoa, likazima. Akavuta tena, likakohoa, likazima. Mdogo wangu akaniambia kila fundi anayekuja humshauri yule bwana anunue jingine, naye kila mara hulitengeneza lile lile. Rafiki yangu, wapo watu ambao wakisikia sauti ya zamani hulengwa na machozi. Mimi nilipandwa na hasira. Ni hasira niliyoijua vizuri, kwa sababu nilikua nayo Muleba, enzi za Mwingereza, nikimsikiliza babu yangu akiutetea mtambo wa umeme.

Nililelewa kwa babu, kwenye msonge mkubwa katikati ya kibanja, migomba na mibuni imetuzunguka pande zote hata jua lilikuwa linatuchungulia tu. Babu alikuwa mzee wa kanisa na ndiye aliyeangalia mali ya misheni. Pale misheni palikuwa na zahanati ndogo, na nyuma ya zahanati, ndani ya kibanda cha mabati, ulikaa ule mtambo. Ulikuja kwa meli mpaka Bukoba, ukapakiwa kwenye lori, na lori liliposhindwa kupanda mlima wetu, babu na wanaume wenzake waliusukuma juu ya magogo huku mvua inawanyeshea. Alituhadithia safari hiyo mara nyingi mno. Ukimsikiliza ungedhani aliuzaa yeye.

Mtoto aliyemzaa hasa ni shangazi yangu, kitinda mimba wake, ambaye alikuwa muuguzi na mkunga wa zahanati ile. Yeye ndiye aliyeishi na tabia za mtambo. Ulikuwa unangoja mama mjamzito alale kitandani, uchungu umekolea, ndipo uzime. Mara moja ulizima shangazi akiwa anamshona mama aliyechanika, damu haijakatika, akalazimika kumalizia kwa taa ya chemli iliyoshikwa na mama mkwe wa mgonjwa. Yule mama alipona. Asubuhi shangazi alirudi nyumbani, akaketi juu ya nyasi zilizotandikwa sebuleni, akakataa hata uji. Kisha akamwambia babu, kwa heshima zote na macho yakiwa chini, kwamba ameitwa kufanya kazi hospitali ya Mwanza. Kama mtambo mpya hautanunuliwa kabla ya Krismasi, atakwenda.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninapochoka. Mtambo mpya uliwezekana. Waumini walikuwa wametoa kahawa yao ya mavuno kwa ajili hiyo hiyo, na mchungaji alikuwa tayari kuagiza. Kilichobaki ni wazee kukubali. Wazee wakakaa kwa babu, wakapokezana kahawa ya kutafuna, wakaulizana habari za ng'ombe, za mvua, za wagonjwa wa Ijuganyondo, na jua likazama kabla hawajautaja mtambo. Wakakaa tena. Wakaitisha fundi kutoka Bukoba, Singasinga mmoja mwenye kilemba safi, akaufungua, akaukagua, akasema waziwazi kwamba umekwisha. Walimshukuru sana, wakampa mkungu wa ndizi, wakamwomba autengeneze. Nilikuwa nimeinama jikoni namenya ndizi, nikamsikia shangazi anavuta pumzi ndefu kupitia puani.

Novemba wakaja senene. Wewe uliyekulia kwetu unaijua alfajiri ile: ukungu umelala kwenye rweya, ile mbuga yetu ya nyasi, majani yamelowa, wanawake na watoto tumesambaa na vikapu, vidole baridi, na kila unapoinama anaruka mwingine. Tulikuwa tukiwanyonyoa mabawa na miguu tangu asubuhi mpaka mikono inanuka mafuta yao, halafu wanakaangwa na chumvi, na nyumba nzima inanukia. Zamani hizo mwanamke hakula senene. Aliwaokota, akawapika, akampelekea mume au baba yake, naye aliyekula ilimpasa amrudishie zawadi, kwa kawaida nguo. Wazee wetu walikuwa Walutheri wazuri siku ya Jumapili, lakini deni la senene hakuna aliyethubutu kulikana.

Mwaka ule shangazi aliokota kuliko mtu yeyote. Wazee walipokuja kukaa tena kuhusu mtambo, alipiga magoti akawawekea senene kwenye majani ya mgomba, wakavu, wanene, wa kutosha kila mmoja. Wakala. Walikula mpaka wakaramba vidole, wakamsifu, wakamsifu na marehemu mama yake aliyemfundisha. Babu, amenawiri kwa fahari, akamuuliza binti yake anataka nguo ya rangi gani.

"Taata, waitu, sitaki nguo," shangazi akasema, bado yuko magotini. "Mmekula senene wangu nyote. Nirudishieni mtambo mpya."

Mzee mmoja aliyekuwa anatafuna akaacha kutafuna. Babu alitazama jani lake tupu muda mrefu, kisha akasema amesikia, na kwamba mtambo mpya utakuwepo. Nilikimbia nje nikarukaruka katikati ya migomba kwa furaha. Nilimpenda shangazi yangu kuliko mtu yeyote duniani, na nilijua sasa hataondoka.

Karibu na Krismasi tuliitwa zahanati. Kibanda kilikuwa kimepambwa kwa maua, na mtambo umefunikwa turubai. Babu akaliondoa mwenyewe. Ulikuwa wa kijani, unang'aa, na watu wakapiga vigelegele. Fundi akazungusha hendeli. Mtambo ukakohoa.

Ukakohoa kikohozi chake kile kile. Walikuwa wameupaka rangi, wakaubadilishia pistoni, mkanda na bomba la moshi, halafu ile kahawa iliyobaki wakaifanya mabati ya kanisa. Na la kuudhi zaidi, rafiki yangu, ni kwamba babu hakuwa anadanganya. Aliamini. Shangazi alipomuuliza mtambo mpya uko wapi, alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Si huu? Msonge wetu tukiuezeka nyasi mpya na kubadili fito, watu hawaji kuona nyumba mpya? Umewahi kusikia mtu anaubomoa msonge wa baba yake?"

Shangazi hakubishana. Nadhani ningemshukuru kama angepiga kelele, angevunja kitu, angenipa na mimi nafasi ya kulia. Alifunga kisanduku chake, akapanda lori la Bukoba, na kutoka Bukoba meli ikampeleka Mwanza. Mtambo ukawaka vizuri miezi kadhaa, ili kutuudhi tu. Misheni haikupata mkunga mwingine. Wajawazito wetu wakawa wanabebwa kwa machela kwenda mbali, na wengine hawakufika.

Likizo moja nilipelekwa Mwanza kumtembelea. Babu alinisindikiza mpaka barabarani, akanibebesha ndizi na kahawa, akasita, kisha akasema, "Ukimwona shangazi yako, mwambie unawaka."

Nilimwambia. Alikuwa anafua sare zake, akakamua moja taratibu, akaniuliza, "Anamwashia nani?"

Leo msonge wa babu haupo, na mahali pake pana nyumba ya tofali ya wajukuu wasioelewana. Rweya ile imejaa nyumba. Senene siku hizi hunaswa kwa mataa makubwa na kuuzwa kando ya barabara, wanawake tunawala mchana kweupe, na hakuna anayedaiwa hata leso. Sisikitikii yote hayo. Mengine yalistahili kufa. Lakini wapo watu waliokufa nayo ambao bado nina ugomvi nao, na siwezi kuumaliza.

Likizo ile niliporudi kutoka Mwanza, babu aliniuliza shangazi amejibu nini, nami nikamweleza neno kwa neno. Alichukua kofia yake, akapita katikati ya migomba kuelekea zahanati, na baada ya kitambo nikasikia mtambo ukikohoa, ukikohoa, kisha ukishika. Nilimfuata. Taa ilikuwa inawaka chumba cha kujifungulia, juu ya kitanda kilichotandikwa shuka safi, naye babu ameketi kwenye kiti cha mkunga.