Breki ya Tawi

Mume wangu alikuwa na miguu, hilo simbishii hata leo. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, yeye ndiye aliyeshusha kabichi za Gare mpaka stesheni ya Mombo kwa baiskeli, kisha akaupanda mlima uleule bila kushuka kusukuma.

Wilaya ilipotangaza mashindano ya baiskeli, Lushoto kuteremka Mombo na kurudi, alipagawa. Mshindi angepewa baiskeli mpya. Akitoka shamba la ujamaa, hata udongo haujamkauka miguuni, anajaza gunia mchanga, analifunga kwenye karia, huyo. Alisema siku yenyewe mzigo ukitoka atapanda kama hana uzito. Mimi nilibaki na kuni, maji na watoto, nimenuna.

Kwetu hakuna anayeteremka na mzigo bila kufunga tawi nyuma. Tawi kubwa la mkaratusi linaburuzwa barabarani, nalo ndilo breki. Baba yake alimfundisha hivyo, na hata mazoezini, kwa ajili ya lile gunia la mchanga, alifunga tawi.

Wiki ya mwisho nilikuwa naiosha ile baiskeli. Nikaigusa mipira ya breki. Haikulika hata kidogo, ila ilikuwa imekauka na kupasuka. Nilipoibana kwa ukucha kipande kikamomonyoka. Hapo ndipo nilipotambua kwamba sijawahi kumwona akizishika breki zile.

"Baba watoto, breki zimekufa hizi."

Akaisukuma baiskeli uani, akabana, ikasimama. "Mbona zinashika?"

Uani kwetu ni tambarare. Nilimwambia anunue mipira mingine, lakini duka la kijiji lilikuwa na chumvi na majembe tu, vingine vyote vilikuwa vya wiki ijayo.

"Basi funga tawi lako."

Alicheka sana. "Mama watoto, nani anakwenda mashindanoni na kuni?"

Mama mkwe alikuwa anamenya viazi. "Sikio la kufa halisikii dawa," akasema polepole. Nilimkasirikia kwa kulitamka neno kufa ndani ya nyumba yangu, na siku zote zilizobaki sikulala vizuri.

Asubuhi ya mashindano ukungu ulikuwa mzito na manyunyu hayakatiki. Niliteremka mapema hadi kona ya chini ya Soni, nikasimama na watu. Tulisikia kengele kabla ya kuona chochote. Ililia mfululizo, bila kupumzika.

Akatokea yeye, peke yake, wenzake hawaonekani hata nyuma. Watu wakalipuka kwa shangwe. Mimi nilitazama mikono. Kidole gumba kilikuwa kwenye kengele, vidole vingine vimebana breki zote mbili mpaka vimekuwa vyeupe, na soli ya kiatu kaikandamiza kwenye tairi la mbele. Alinitazama. Niliita asimame, kama mwendawazimu, na waliokuwa karibu nami wakadhani nashangilia, wakaniunga mkono kwa vigelegele.

Walimkuta kona ya tatu kutoka pale, bondeni. Wakamrudisha kwa lori la kijiji, lile la kabichi.

Wapo wazee wanaonisimamisha sokoni hadi leo kunikumbusha kwamba mume wangu ndiye aliyekuwa anaongoza. Nawapa shikamoo zao, nawaambia ni kweli, aliongoza.