Picha ya Harusi Isiyo na Bibi Harusi

Nilikwenda Marekani kwa miezi minne. Ndivyo ilivyosema viza yangu, ile ya wanafunzi wanaokwenda kufanya kazi wakati wa likizo, na ndivyo nilivyomwambia mama kule Tanga alipokuwa akinifungia visheti kwenye sanduku. Miezi minne, nikatengeneze visenti, nirudi chuoni nimalize mwaka wa mwisho. Mama akafunga visheti vya miezi minne. Viliisha wiki ya pili.

Nilipangiwa kazi ya getini, kwenye bwawa la kuogelea la maghorofa fulani huko Oxon Hill. Mpangaji anakuja na kadi, naitazama kadi, namwambia pita. Asiye na kadi namrudisha. Mimi nina hasira za karibu, kwa hiyo kurudisha watu kulinifaa kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Niliyemrudisha zaidi ya wote alikuwa kijana mmoja wa Mombasa, mpangaji wa pale pale, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maegesho ya magari mjini. Kila jioni alikuja bila kadi, amevaa suruali ya kazini na viatu vya kamba. Kila jioni nilimfukuza, naye akashukuru. Kuogelea hajui mpaka leo. Ilinichukua mwezi mzima kung'amua kwamba hakuwa na haja ya kuingia.

Likizo ikielekea mwisho akapeleka posa kwa baba yangu mdogo, aliyekuwa akiishi Temple Hills, jirani na hapo. Baba mdogo akapiga simu Tanga, Tanga wakauliza ni mtoto wa nani, Mombasa ikaulizwa, watu wakajuana. Baba akampa mdogo wake uwakili wa kuniozesha. Cheti cha serikali tulikichukua mahakamani, na Jumapili moja ya Septemba ndoa ikafungwa kwa namna yetu: wanaume na shehe sebuleni kwa baba mdogo, wanawake na mimi chumbani, mlango umefungwa. Huko chumbani kamera ilipigwa marufuku, maana vichwa vilikuwa wazi, na shangazi yangu alikuwa akicheza kwa namna ambayo ukoo mzima tulikubaliana isitoke mle ndani. Bwana harusi alipoletwa kunipa mkono, mwenye kamera alikuwa ameshakwenda kula pilau.

Ikabaki picha moja tu ya harusi yangu. Mume wangu amekaa kwenye zulia na kanzu yake mpya, ameshikana mkono na baba mdogo, wanatazamana macho kwa macho. Nyuma yao kuna mlango uliofungwa.

Mume wangu alikuwa na uraia, basi akaniombea ukaazi wa kudumu. Hapo maneno yakaanza. Kwenye swala ya Idi mama mmoja aliniuliza, akitabasamu, kama nimepata mume au nimepata karatasi. Nilimjibu jibu ambalo halikustahili siku tukufu. Lakini nyumbani nilinyamaza, kwa sababu nilijua mume wangu naye swali hilo analo. Hakuwahi kuniuliza. Angeniuliza ningemrushia mwiko. Hata hivyo nilimwona, mara moja moja, akinitazama wakati napanga vyombo, kama mtu anayetaka kuuliza bei ya kitu halafu anaona haya.

Barua ya usaili ilipokuja ilitutaka tufike Baltimore na ushahidi kwamba ndoa yetu ni ya kweli. Afisa asiporidhika, narudi Tanga sina shahada na sina mume. Usiku sikulala, na kwa vile sikulala mimi, nilihakikisha na mume wangu halali.

Wakati huo tulikuwa tumehamia Adelphi, na jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa nesi Mkenya, mtu wa bara, mlokole, aliyekwishapita njia hiyo mwenyewe. Nikampelekea picha yetu. Aliishika kwa ncha za vidole.

"Bwanako ni huyu?"

"Ndiye."

"Na huyu mzee wameshikana mikono?"

"Baba mdogo."

"Mrembo," akasema, "kwa hii picha bwanako ame-marry uncle yako."

Akaichukua kesi yetu mikononi mwake. Tulihitaji albamu nzima, akasema, na ndani yake lazima kuwe na keki, kwa sababu Mzungu haamini harusi isiyo na keki. Mume wangu akapinga.

"Sisi tumeoana kweli, dada. Mambo ya urongo mimi siyataki."

"Si uongo, shemeji. Ni ukweli yenye imekosa picha."

Jumamosi ya Aprili tukafunga harusi yetu upya sebuleni kwake. Suti iliazimwa kwa baba mdogo, ambaye kwa unene ni mara mbili ya mume wangu, kwa hiyo tuliibana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo na bwana harusi akaamriwa asigeuke. Keki nesi aliipata dukani kwa bei ya kutupa, aliyeiagiza hakuja kuichukua. Juu yake iliandikwa kwa sukari kumtakia mtu fulani mapumziko mema baada ya kustaafu. Tukafunika maandishi kwa maua ya plastiki.

"Mcheke!" nesi alipiga kelele nyuma ya kamera. "Hii ni harusi ama matanga?"

Mume wangu alicheka, kisu kikamteleza, akajikata kidole gumba pamoja na keki. Nesi akamfunga plasta kwa ustadi wa kazi yake na shughuli ikaendelea. Tulipomaliza harusi nikabadilisha nguo, tukapiga Idi. Nikabadilisha tena, tukapiga siku yangu ya kuzaliwa. Ilipofika saa kumi tulikuwa tumeishi ndoa ya miezi saba na keki imekwisha.

Afisa wa Baltimore alikuwa mzee mpole mwenye miwani ya kuning'inia. Alituapisha, akasoma mkataba wetu wa nyumba na bili za umeme zenye majina yote mawili, kisha akaifungua albamu. Aliipitia taratibu. Akarudi nyuma. Akaenda mbele tena.

"Mumeo ana kisukari?" akaniuliza.

"Hapana."

"Kidole chake kilikuwa na plasta siku ya harusi, mwezi wa tisa. Kwenye sikukuu plasta ipo. Siku yako ya kuzaliwa, mwezi wa tatu, bado ipo."

Nilijiona uwanja wa ndege, na mama kule Tanga akinipokea kwa visheti. Mume wangu akakohoa.

"Zote ni za Jumamosi iliyopita," akasema, na akamwaga kila kitu: suti, vibanio, mpaka yule mstaafu. Nilimkanyaga chini ya meza. Akasogeza mguu, akaendelea.

Afisa akavua miwani. "Kama mlioana kweli, kwa nini mghushi picha?"

Mume wangu akatoa mfukoni ile picha ya kwenye zulia, akaiweka mezani. Afisa aliitazama sana.

"Bibi harusi yuko wapi?"

Nikaweka kidole juu ya mlango. "Niko hapa. Nyuma yake."

"Sasa nani alikuuliza kama unakubali?"

Nikamweleza. Mashahidi wawili walikuja mlangoni, wakauliza kwa sauti kama naridhia kuozwa. Nikanyamaza. Wakauliza tena, nikanyamaza. Kwetu msichana hadakii jibu hilo, ataonekana hana haya. Mara ya tatu shangazi akashindwa kuvumilia, akapiga vigelegele, na sebuleni wakajua nimeridhia.

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyekusikia wewe ukikubali."

"Shangazi alipiga vigelegele."

"Shangazi sijamuuliza."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameinamia meza, anakibonyeza kile kidole chenye plasta, na masikio yamemwiva mekundu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mezani pale walikuwa wanaume wawili wanaosubiri jibu moja, na mmoja wao amelisubiri tangu Septemba.

"Nimekubali," nikasema, kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha niliyoulizwa siku ile mlangoni. Kisha nikamwambia afisa kwa Kiingereza.

Afisa akaandika. Akatuamuru ile albamu tukaitupe, na tusirudie tena mchezo huo mbele ya mtu mwenye macho. Akaivuta pasipoti yangu, akaigonga muhuri wa ukaazi. Niligeuka nimwonyeshe mume wangu, tufurahi. Hakuutazama muhuri.

"Sema tena," akaninong'oneza.

Nikamwambia aache upuuzi, tuko mbele ya serikali ya watu. Kisha nikasema tena.