Mstari wa Deo kwenye kompyuta

Nyie mnaosema aliyekufa hasemi, someni hapa kwanza.

Mjukuu wangu Koku anamalizia programu aliyoiacha baba yake, marehemu mwanangu Deo. Leo mchana nikamsema: kutwa unabonyeza tu, migomba itajipalilia?

"Bibi, nabadilisha maelezo ya baba. Haya kompyuta inayaruka, ni ya watu kusoma."

Maelezo yote yalianza na mistari miwili ya mshazari. Yeye anataka vinyota. Akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, yakageuka yote mara moja.

Mstari mmoja wa maandishi uliokuwa umejificha mbali kulia ukasogea katikati ya kioo.

Nikasoma mwenyewe, darasa la nne linanitosha:

"Mawe, nikifa msinizike mjini. Nirudisheni kibanjani Muleba, kwa baba."

Deo peke yake ndiye aliyeniita Mawe, yaani mama kwa Kihaya.

Ukoo ulitaka azikwe kibanjani, kwenye shamba la ukoo alikozikwa baba yake. Mimi ndiye niliyekataa, akazikwa huku mjini Bukoba ili nimwone kila siku.

Koku akabonyeza tena kurudisha yalivyokuwa. Yote yakarudi. Ule mmoja ukabaki palepale katikati.

Anasema ni hitilafu. Hitilafu inanijua mimi?

Kesho naenda Muleba kuwaangukia wazee wa ukoo. Anayejua taratibu za kuhamisha kaburi aandike hapa chini. Na vile vikatuni vyenu vya kucheka, bakini navyo!