Shahidi wa Barabara ya Majani

Bi Tanuri, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita mwoka mikate yule. Alifiwa na mume mapema, akamlea mwanawe wa pekee kwa unga na moto, na kwa mtoto huyo hakuwa na la kumnyima.

Mtoto akakua akawa fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yake aliijenga ubavuni mwa nyumba ya mama, akaoa, akapata watoto, akaajiri vijana, mageti yake yakaanza kutafutwa hadi mitaa ya mbali. Shida ikawa nafasi. Malori ya vyuma hayakuwa na pa kugeukia, na kati ya karakana na kiwanja chake cha pili ilipita barabara ya umma iliyokuwa barabara kwenye ramani tu. Haikuwahi kuchongwa wala kumwagiwa kokoto. Ilikuwa majani, mawe, na alama ya magurudumu katikati.

Fundi akaiomba halmashauri iifunge ili aunganishe viwanja vyake. Tangazo likabandikwa kwenye nguzo: inapendekezwa kuifunga barabara hiyo, kwa kuwa haitumiki, mwenye pingamizi afike kwenye kikao. Bi Tanuri alilisoma kapu la mikate likiwa kichwani, akalirudia neno lile moja. Haitumiki.

Mwisho wa barabara hiyo aliishi mfinyanzi, mwanamke wa makamo, peke yake na vyungu vyake. Kila asubuhi alipita pale na mkokoteni kwenda sokoni. Njia nyingine ilikuwa ya kuzungukia machimbo ya mawe, mteremko ambao hata mtu asiyebeba kitu huushuka akimtaja Mungu. Kwa mkokoteni wa vyungu, ungefika sokoni na vigae.

Lakini mwoka mikate na mfinyanzi hawakuwa wakiiva chungu kimoja. Ugomvi ulianzia kwenye moshi: wa huyu ukichafua nguo za yule, wa yule ukimkohoza huyu. Maneno yakarushwa juu ya ua, na ulimi hauna mfupa. Tangu hapo wakawa wanapishana kama hawaonani.

Kwa hiyo fundi hakutegemea tabu kutoka nyumbani. Siku ya kuamkia kikao alimkuta mama yake akikanda unga.

"Mama, kesho utakuja?"

"Mwanangu ana shughuli, nikae nyumbani nifanye nini?"

"Huenda wakakuuliza, maana nyumba yako inapakana na ile njia."

Mikono ya Bi Tanuri ikasimama. "Wakiniuliza niseme nini?"

"Usiseme kitu. Sikuombi useme uongo, mama. Nakuomba unyamaze tu."

"Na yule wa vyungu atapita wapi?"

"Atazunguka. Tangu lini umekuwa wakili wake? Si ndiye aliyekuita mchawi wa moshi mbele za watu?"

Bi Tanuri akacheka bila kutaka. "Ndiye."

"Basi." Fundi akashusha sauti. "Nimeshakubali kazi ya mageti ya shule. Bila yadi ya kupangia vyuma siiwezi. Nikiikosa, wale vijana nitawaambia nini?"

Bi Tanuri akaurudia unga. Aliendelea kukanda hata baada ya fundi kuondoka, mpaka mkwewe akamgusa bega. "Mama, huo umeshalainika. Unaupigia nini?"

Ukumbi wa halmashauri ulijaa, joto likiwa la kuchemsha maji. Fundi alieleza maombi yake vizuri, kwa adabu, shati limepigwa pasi. Kisha akainuka mfinyanzi, akajiharibia mwenyewe. Hata salamu hakutoa.

"Mmeshamlia chake huyu, ndiyo maana mnaniita hapa kunizuga!"

Watu wakaguna. Mwenyekiti akapiga meza. "Mama, tuheshimiane. Mwombaji anasema njia haitumiki. Wewe unasema unapita. Nani mwingine amekuona?"

Mfinyanzi akageuka, akaviangalia viti vyote. Majirani wakainamisha vichwa; nusu yao walikuwa na mageti ya fundi majumbani, na waliobaki walikuwa na watoto wanaotafuta kazi. Macho yake yakamfikia Bi Tanuri, yakampita bila kusimama, kama mtu anavyoupita ukuta. Hilo ndilo lililomchoma.

Bi Tanuri alikuwa ameapa moyoni kunyamaza. Alimtazama mwanawe, naye alikuwa akimtazama, taya limekaza.

"Kama hakuna shahidi," mwenyekiti alisema, "tuandike kwamba—"

"Mimi nimemwona."

Alikuwa ameshasimama.

"Umemwona lini, mama?"

"Kila asubuhi, nikiwa kwenye mikate. Mvua ikinyesha mkokoteni unanasa. Anaupakua, anaukwamua, anaupakia upya. Wala simpendi, mwenyekiti, kila mtu hapa anajua. Lakini anapita."

Wengine wakacheka. Fundi hakucheka.

"Unamfahamu mwombaji?"

"Nimemzaa." Akamwonyesha fundi kwa kidole. "Si mtu mbaya. Anatafuta nafasi ya kazi. Ila mkiifunga ile njia, mmemfungia mtu ndani."

Wajumbe walinong'onezana kwa muda ambao kwake haukuisha, kisha pendekezo likakataliwa.

Nje, mfinyanzi alimwendea moja kwa moja. "Sikukuomba."

"Najua."

"Usidhani sasa tutakuwa marafiki."

"Mungu apishe mbali," alisema Bi Tanuri. Mfinyanzi akaenda zake.

Fundi alimpita mama yake akielekea kwenye gari. "Umenivua nguo mbele za watu," alisema, na hakumngoja.

Kazi ya shule ilikwenda kwa fundi mwingine. Vijana wawili wakaachishwa. Kutoka jikoni Bi Tanuri alisikia mashine ya mwanawe ikinguruma hatua chache kutoka kwake, lakini mlango wake haukufunguliwa na mtu yeyote wa nyumba ya mwanawe. Hata wajukuu walizuiwa. Akakonda. Kuna nyakati, mikate ikiwa motoni, alijiuliza kama haki ya jirani asiyempenda ilistahili kumgharimu mtoto. Na njia iliendelea kupitwa.

Mvua zilipokwisha, fundi akakodi yadi kando ya barabara kuu. Siku ya kuhama, vijana walikuwa wametangulia na mzigo wa kwanza, naye akabaki anahangaika peke yake na mashine ya kukatia vyuma. Bi Tanuri alitoka akijifuta unga, akashika upande wa pili.

"Utaumia mgongo," fundi alisema. Yalikuwa maneno ya kwanza tangu siku ile.

"Inua."

Wakainua, wakaipakia. Fundi akaegemea gari, akihema.

"Ungeniambia siku ile jikoni kwamba hutanyamaza."

"Nilidhani nitanyamaza, baba. Haki ya Mungu, nilidhani nitaweza."

Fundi akakaza kamba ya mzigo, akaingia garini.

Jumapili iliyofuata alileta wajukuu, yeye mwenyewe akakaa nje, injini inawaka. Ile ya pili aliizima. Ikapita nyingine tena kabla hajaingia ndani, akavuta kigoda, akauliza kama kuna chai.